Mwaridi Uliovuka Uzio

Bustani ya Maurice Tindall ni hatua kumi na moja toka mlango wa jikoni hadi uzio wa nyuma, na hatua sita toka ukuta hadi uzio wa jirani. Usiniulize nimejuaje. Skelby nzima inajua, kwa sababu Maurice mwenyewe ndiye aliyetuambia, na alipotuambia alikuwa na sura ya mtu anayetaja mashamba ya ukoo.

Alikuwa dereva wa basi. Miaka thelathini na nne aliendesha basi lile lile, au tuseme njia ile ile, maana mabasi yalichoka yeye asichoke: Skelby hadi mjini kwa barabara ya juu ya majabali, bahari kulia ukienda, bahari kushoto ukirudi. Watu wa pwani hii ya Uingereza wana desturi ya kumshukuru dereva wanaposhuka, naye Maurice hakuwa na uwezo wa kuiacha shukrani ya mtu iende hivi hivi. Alimjibu kila mmoja. Nadhani amesema "asante nawe" mara nyingi kuliko neno jingine lolote maishani mwake. Nje ya hapo maneno yake yalikuwa machache, na mengi yalihusu mvua.

Kuna jambo moja ni lazima ulijue juu yake, maana bila hilo utamwona mpumbavu tu, na mpumbavu hakuwa. Maurice hakuwahi kujichagulia kitu. Sare alichaguliwa na kampuni. Nyumba aliachiwa na mama yake, pamoja na sahani, saa ya ukutani, na kiti ambacho mpaka leo hakikalii kwa sababu ni cha mama. Mapazia alichagua dada yake, Pauline, ndiyo maana yana picha za bata. Hata mbwa aliyewahi kuwa naye alikuja mwenyewe, akaingia, akajilaza mbele ya moto, akakaa miaka tisa.

Kisha siku moja, miaka miwili kabla ya kustaafu, aliwapeleka wazee wa kanisa kutembelea bustani ya jumba moja kubwa huko bara. Wazee walikunywa chai yao, wakala keki yao, wakarudi kwenye basi kwa wakati. Dereva hayupo. Wakamtafuta, wakamkuta nyuma ya jumba amechutama mbele ya mwaridi wa rangi ya chungwa, pua yote imezama ndani ya ua. Basi liliondoka limechelewa dakika kumi na mbili, na wazee wale walilizungumza jambo hilo mpaka Krismasi.

"Linanukia chai," alimwambia Pauline jioni ile. "Chai ya karafuu. Halafu ndani kabisa kuna tofaa."

Pauline ni mdogo wake kwa miaka mitatu na mkubwa wake kwa mdomo. Alimtazama kaka yake toka kichwani mpaka viatuni.

"Ulikuwa na njaa, Maurice."

"Nataka kupanda."

"Kupanda nini? Hapa? Hapa hata kitunguu kinaomba uhamisho."

Na hilo halikuwa tusi, ilikuwa habari tu. Upepo wa Skelby unatoka baharini moja kwa moja na chumvi yake, unapiga madirisha mpaka yanakuwa meupe, na udongo wetu ni mchanga uliopewa cheo. Wenye akili zao wanapanda yale mawaridi ya mwitu yenye majani magumu, ambayo hata ukiyatupa barabarani yataota. Hata mwenye kitalu cha miche alimsogezea hayo hayo. "Chukua haya, bwana. Hutaweza kuyaua hata ukitaka."

"Sitaki kitu nisichoweza kukiua," Maurice alimjibu. Mwenye kitalu alisimulia maneno hayo baa kwa wiki nzima, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia Maurice akikataa kitu.

Basi akachimba. Shimo la kumfika gotini, akatoa mchanga, akatia samadi ya farasi na mboji. Upande wa bahari akasimamisha uzio wa fito zilizosukwa, maana aliwahi kusoma kwamba ukuta mzima huufanya upepo uruke na kuanguka nyuma yake kwa hasira, lakini uzio wenye matundu huuchana kama nywele. Akaenda pwani na toroli kuokota mwani wa kurutubishia udongo, na kwa kuwa mwani una chumvi, akauosha. Akauoshea wapi? Kwenye bafu la mama yake. Pauline alikuja Alhamisi, kama ilivyo kawaida yake, akaingia kunawa mikono, akatoka polepole.

"Maurice. Siku hizi unaoga na mwani?"

"Naosha mwani."

"Kwa sabuni gani?"

Mwaridi wenyewe ulikuja Novemba ndani ya mfuko, vijiti vitatu na mizizi, hauna jani hata moja. Ukiuona ungedhani amedanganywa. Lakini mwaka uliofuata ulitoa maua matatu, na Maurice alitoa kiti nje akakaa nayo kama mtu aliyetembelewa na wageni. Mwaka wa pili yakawa ishirini. Mwaka wa tatu mti ulimfika kifuani, mashina yenye wekundu, matumba ya mviringo, na kila ua likifunguka nje ni chungwa na ndani ni papai bivu. Asubuhi ya utulivu, upepo ukiwa umelala, harufu ilifika mpaka barabarani, na mimi mwenyewe nimewahi kusimama pale nikijifanya nafunga kamba za kiatu.

Kosa la mwaridi ule lilikuwa moja. Nyumba ya Maurice inaikinga bustani yake na jua toka saa nne asubuhi, na toka saa nne jua lote linakaa kwa jirani. Mwaridi haujui mambo ya mipaka. Ukainama, ukapitisha mikono juu ya uzio, ukachanua upande wa pili.

Upande wa pili ndiko anakokaa Bi Noreen Cowling. Ni mjane, mwembamba, amenyooka, na kabla ya kuja Skelby kutafuta hewa nzuri alifanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya mwanasheria huko Leeds, akipiga chapa barua za watu waliogombania mipaka. Uzio, ukuta, mfereji, tawi la mti, hakuna asilolijua. Yeye na Maurice walihamiana karibu, yaani yeye alihamia, Maurice alikuwepo, majira ya baridi yale yale mwaridi ulipopandwa. Katika muda wote huo walikuwa wameambiana kwamba leo kuna upepo, kwamba jana kulikuwa na upepo, na kwamba gari la taka limebadilisha siku.

Sasa, sheria ya huku iko hivi, na kila mtu anaijua hata asiyejua sheria nyingine: tawi la jirani likivuka uzio una ruhusa ya kulikata, ila ulichokata si chako. Ni cha mwenye mti. Na Skelby, mtu akikurudishia matawi yako ujue umeshaingia vitani. Kuna ndugu wawili mtaa wa juu waliorushiana matawi ya miti ya mpakani kwa miaka kumi na moja, mpaka mmoja akafa, na mwenzake akayatupa ya mwisho juu ya uzio siku ya mazishi kwa heshima.

Kwa hiyo fikiria moyo wa Maurice Jumanne moja ya Juni, alipofungua mlango wa nyuma akakuta kwenye ngazi mawaridi matano. Yamekatwa vizuri, vishina vyote urefu mmoja, yamefungwa ndani ya gazeti lenye unyevu, na kamba, na kikadi. "Bwana Tindall, haya ni yako. Yalikuwa upande wangu. N. Cowling."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alirudi ndani akakaa kitini, si kile cha mama, akasoma kikadi mara nne. Halafu akaandika chake: "Samahani sana kwa usumbufu. M. Tindall." Akakiingiza kwenye tundu la barua la mlango wa jirani, akaondoka mbio kama aliyetia moto.

Jibu lilikuja kesho yake. "Hakuna usumbufu wowote."

Umeona? Mimi na wewe tungesema, haya, yamekwisha. Lakini watu hawa wanaweza kukanyagwa mguu na farasi wakakwambia hakuna usumbufu wowote, na Maurice, aliyezaliwa na kukulia katika maneno hayo, aliyapima, akayageuza, akayatazama upande wa chini, akaona kwamba mama huyu amekasirika sana. Mchana ule ule alinunua kamba. Akauvuta mwaridi upande wake, akaufunga kwenye vigingi, akakaza.

Mwaridi haukujali. Jumanne iliyofuata lilikuwepo furushi jingine.

Ikawa hivyo. Kila Juni na Julai, kila Jumanne, gazeti, kamba, mawaridi. Kila Februari Maurice akapogoa kwa ukali zaidi, kila masika akaongeza kamba, na mwaridi uliokuwa ukichanua kama una sherehe ukabaki umekunjwa mikono kama mtuhumiwa. Kikadi hakikuja tena, maana yote yalikuwa yameshasemwa. Maurice naye aliyaweka maua yale kwenye jagi mezani na kuyatazama kwa aibu, na ikafika mahali harufu ya chai ya karafuu ikawa inamtia kijasho chembamba.

Pauline ndiye aliyefurahi. "Nani huyo anakuletea maua?"

"Bi Cowling."

"Ahaa."

"Analalamika, Pauline."

"Analalamika kwa mawaridi?"

"Ni ya kwangu. Anarudisha."

"Maurice, mimi nimeolewa mara mbili na katika hao wawili hakuna aliyewahi kunilalamikia namna hiyo. Ningebaki na wa kwanza."

"Hujaelewa."

"Nenda kamuulize."

"Nikamuulize nini?"

"Kama anakasirika."

"Haiulizwi," alisema Maurice, na kwa Skelby alikuwa sahihi kabisa. Haiulizwi.

Baada ya miaka minne ya mafurushi, mwezi wa Machi, kibao kilisimama mbele ya nyumba ya Bi Cowling. Inauzwa.

Maurice alikiona akitoka kununua maziwa, na maziwa akayasahau. Kwa siku kadhaa alijipa moyo. Watu wanauza nyumba kwa sababu nyingi. Labda binti yake wa Leeds anamtaka karibu, labda ngazi zimekuwa ndefu, labda ni baridi. Angeendelea kujipa moyo hadi leo kama Pauline asingekutana na Bi Cowling kwenye foleni ya posta, na Pauline akikutana na mtu kwenye foleni, huyo mtu atasema.

"Nimemuuliza kwa nini anahama," Pauline alisema Alhamisi ile, akikata keki. "Kasema ni bustani."

Maurice alikiweka kikombe chini. "Bustani imefanyaje?"

"Kasema hajisikii vizuri tena akikaa kule nyuma. Basi. Halafu akaniuliza kama nadhani mvua itanyesha." Akamtazama kaka yake. "Una nini? Mbona umegeuka rangi?"

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nimemfukuza mjane wa watu nyumbani kwake kwa sababu ya kichaka changu cha maua."

Pauline, na hili nampa sifa, hakucheka. Aliona uso wa kaka yake. Alimsukumia kipande kikubwa cha keki, akasema kwa upole ambao si wake, "Basi nenda kamwambie samahani uso kwa uso."

"Niliandika."

"Miaka minne iliyopita."

"Hakuna kilichobadilika," alisema Maurice.

Mwanzoni mwa Juni ukanda mpya ulibandikwa juu ya kibao: nyumba imepata mnunuzi. Lakini huku kupata mnunuzi si kuuza. Hadi wanasheria wabadilishane karatasi, na hao hawana haraka, yeyote anaweza kujitoa bila kosa. Maurice alilijua hilo. Alilala nalo na kuamka nalo, na siku ya Ijumaa akakata shauri. Kama mwaridi ndio unaomhamisha Bi Cowling, mwaridi utahama yeye abaki. Kung'oa mwaridi mwezi wa Juni, matumba yamejaa, ni kuuua, na hilo pia alilijua. Hakumwambia mtu. Alipiga moyo konde kwa namna yake, yaani alisafisha sepeto usiku kucha kichwani na asubuhi akapaka mafuta mpini.

Jumamosi baada ya kifungua kinywa alivaa suruali safi. Kwa nini suruali safi kwa kazi ya udongo, mwulize yeye. Alitoka, akasimama mbele ya mwaridi wake, akaona kwamba ua moja lilikuwa limefunguka alfajiri ile, upande wake, chini, mahali ambapo hata jua halifiki. Hakuinama kulinusa. Alichomeka sepeto ardhini akakanyaga.

Mizizi ya mwaridi inapokatika inatoa mlio, mdogo, mkavu. Alisikia wa kwanza, akasikia wa pili. Alikuwa amekwisha kuzunguka nusu ya mti, machozi yanamtoka na anajiambia ni upepo, na upepo siku hiyo haukuwepo, aliposikia mlango wa jirani. Bi Cowling alikuja hadi kwenye uzio. Katika miaka yote hakuwahi kuja hadi kwenye uzio Maurice akiwepo.

"Bwana Tindall."

"Bi Cowling."

"Leo kumetulia."

"Kumetulia. Walisema mvua mchana."

"Walisema."

Kwa desturi mazungumzo yangeishia hapo, kila mtu akaingia kwake ameridhika. Lakini mama yule hakuondoka. Alilitazama shimo.

"Unapanda kitu?"

"Nang'oa."

"Mwezi wa Juni?"

"Ndiyo."

"Huo utakufa."

"Najua."

Bi Cowling alishika ubao wa juu wa uzio kwa mikono miwili. "Najua si shughuli yangu," alianza.

"Ni shughuli yako," Maurice alisema, na sauti yake ilimshtua mwenyewe. "Ndiyo sababu naung'oa. Nimeona kibao. Nikasema labda huu ukiondoka, wewe hutalazimika kuondoka. Nyumba ni yako. Huu ni mti tu."

Haukuwa mti tu, na uso wake ulisema hivyo. Bi Cowling alikuwa amepauka.

"Nani kakwambia nahama kwa ajili ya mwaridi?"

"Ulimwambia dada yangu. Ulisema bustani. Na umenirudishia kila moja, miaka minne. Kila Jumanne."

"Kwani si yako?"

"Ni yangu."

"Basi ningefanyaje, Bwana Tindall? Nikae na mali ya mtu?" Aliongea kama aliyetukanwa. "Nimepiga chapa barua mia za watu waliobaki na visivyo vyao. Mimi si mtu wa namna hiyo. Nilikata kwa uangalifu, juu ya jani lenye vijani vitano, ili mti usiumie."

"Niliona. Mikato ilikuwa mizuri."

"Na nilirudisha kila moja." Akasita. Akatazama pembeni, halafu akasema haraka, kama anayetapika kitu alichokimeza zamani, "Isipokuwa moja. Mwaka wa pili. Nililiweka kwenye glasi ya mswaki kando ya kitanda mpaka likapukutika, na hata yale majani ya ua sikuyatupa. Nilikusudia kukwambia. Nilikosa namna."

Maurice alikuwa bado ameshika mpini wa sepeto. Kichwa chake, ambacho kilikuwa kimepita njia moja tu kwa miaka minne, sasa kilikuwa kinatafuta mahali pa kugeuzia.

"Unayapenda," alisema.

"Nayapenda? Mimi nililia ulipoyafunga kamba." Na kweli sauti ilikuwa imeanza kumkatika. "Nilihamia hapa sina mtu. Asubuhi moja nafungua mlango, harufu ile, nikasema Mungu kanipa jirani mwenye mwaridi. Nikakuletea yako, kwa adabu. Siku ya pili nakuona dirishani umenunua kamba. Kila mwaka unaongeza kamba. Nikasema, huyu bwana hata harufu hataki inifikie. Mtu anajua pale asipotakiwa, Bwana Tindall. Nimejikaza miaka minne, sasa nimechoka."

"Niliyafunga yasikuudhi."

"Yaniudhi?"

"Ulisema hakuna usumbufu wowote."

"Ndiyo. Hakukuwa na usumbufu wowote."

Wakatazamana juu ya uzio. Kama mmoja wao angekuwa mgomvi kidogo tu, mambo yangekwisha mwaka wa kwanza. Angepiga kelele, mwenzake angejibu, na ukweli ungetoka pamoja na matusi. Lakini walikuwa na adabu, wote wawili, adabu iliyozidi kipimo, na ilikuwa karibu iwamalize.

Maurice alitoa kisu cha bustani mfukoni akaanza kukata kamba, moja baada ya nyingine, haraka, na hapo akafanya kosa ambalo mkulima wa mwaka mmoja asingelifanya, maana kamba zile ndizo zilizokuwa zimeusimamisha mti, na nusu ya mizizi alikuwa ameshaikata mwenyewe. Ya mwisho ilipokatika mwaridi mzima uliegemea, ukapita juu ya uzio, pamoja na matumba yake yote ukamwangukia Bi Cowling kifuani. Aliudaka kwa mikono mitupu.

"Umeushika?"

"Nimeushika. Fanya haraka."

Maurice alipiga magoti. Sepeto aliliacha, akafukia kwa mikono, akarudisha udongo chini ya mizizi, akashindilia, huku harufu imewafunika wote wawili na hakuna anayeitaja. Alikuwa ameinama, uso chini, na nadhani ndiyo maana aliweza. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kumwomba mtu jambo kubwa kuliko kusogea nyuma ndani ya basi.

"Bi Cowling," alisema kuuambia udongo. "Usiende."

"Nimeshapata mnunuzi," alisema mama yule.

"Najua."

"Wamekwisha kuja kupima madirisha, wanataka kuweka mapazia yao."

"Najua. Usiende."

Alingoja.

"Fukia kwanza," Bi Cowling alisema mwishowe. Pua yake ilikuwa imeziba na hakuwa na mkono wa kujifutia. "Miiba yako inanitoa damu."

Alifukia. Alileta kigingi kinene akakisimamisha upande wake, na cha pili akampitishia yeye upande wa pili, na mti ukasimama katikati, umelegea, majani yameanza kulala. Kama utapona au hautapona hakujua, na alimwambia hivyo hivyo. Mama aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akajitazama mikono, akasema ni afadhali aingie ndani kabla yule dalali anayeiuza nyumba yake hajaenda kula.

Maurice alichota maji. Alikuwa akimwagilia ndoo ya pili, polepole, shinani, aliposikia sauti ya jirani yake kupitia dirisha la jiko lililokuwa wazi. Kusikiliza simu ya mtu si adabu, naye alisikiliza.

"Hapana, bei ni nzuri tu," Bi Cowling alikuwa akisema. "Hapana, sijapata nyumba nyingine. Mwanangu hajui bado. Sababu?" Alipenga kamasi. "Jirani yangu amesema nisiende."

Yule wa upande wa pili nadhani alitaka sababu yenye uzito zaidi ya kuandika kwenye karatasi zake, maana Bi Cowling alirudia, safari hii taratibu, neno moja moja, kama anamsomea mpiga chapa.

"Jirani yangu. Amesema. Nisiende."

Maurice aliweka ndoo chini. Akakaa juu ya udongo mbichi na suruali yake safi, na kwa muda mrefu hakutaka kuinuka.